Daraja limefunguliwa, gesti za Geita zitauza nini?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilometa 3 lifunguliwe Juni 19, 2025, msafiri anayetoka Mwanza kwenda Geita hasubiri tena kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Kwa mwenye mzigo wa dagaa au nyanya, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mama aliyeuza samaki wa kukaanga kwenye foleni, na kwa mwenye gesti aliyempokea abiria aliyekwama, hesabu zimegeuka. Gari linapita moja kwa moja.

Gesti nyingi za ukanda huu, kuanzia Kahama hadi Geita, zilijengwa kwa kutegemea dhahabu. Rashi ikianza mahali, vyumba vinajaa. Wachimbaji wakihamia kwingine, mwenye nyumba anabaki na magodoro na deni la benki. Ndiyo maana suala la kumvuta mgeni wa aina nyingine, anayekuja kutembea na kuona, linafaa kupigiwa hesabu, ingawa tusidanganyane: huku siyo Serengeti.

Hata hivyo, vya kuona vipo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita katika njia hizi hizi za mabasi. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba, na Julai 1916 wakaichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Wabelgiji nao walishuka kupitia Biharamulo hadi Tabora, walikoingia Septemba 19, 1916. Majeshi yote hayo yalibebewa mizigo na wapagazi na kulishwa kwa chakula cha vijijini, jambo ambalo mkulima wa leo angependa kusimuliwa kuliko majina ya majenerali.

Biharamulo bado lipo boma la Wajerumani la mwanzoni mwa miaka ya 1900, na lilikarabatiwa likawekewa vyumba vya wageni. Ukiendelea kaskazini unafika Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera. Mbele zaidi ni Kyaka, penye daraja lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na magofu ya kanisa lililobomolewa katika vita hivyo.

Pwani yetu ni ziwa. Upande wa Chato, boti huvuka kwenda Rubondo, kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, chenye sokwe ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Anayetaka kuvuka asubuhi lazima alale jirani usiku, na hapo ndipo gesti inapopata nafasi yake.

Tofauti ya mgeni huyu na mnunuzi wa dhahabu ni kwamba akikaa siku mbili atakula milo kadhaa, atakodi bodaboda, atanunua asali na mananasi ya kwenda nayo nyumbani. Mwenye gesti akipatana mapema na wakulima wawili watatu wa jirani juu ya mayai, mboga na matunda, fedha hiyo inabaki kijijini.

Lakini kabla ya kumpeleka mtu majini kuna mambo ya kusema wazi. Kichocho kipo, mamba wapo, na ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 haijasahaulika. Mtumbwi usio na maboya ya kuokolea usipakie mgeni, hata akilipa mara mbili.

Tatizo jingine ni sisi wenyewe. Uvumi wa mali iliyofukiwa na Mjerumani umewafanya watu wachimbue misingi ya majengo ya zamani, na wengine hubeba mawe ya kujengea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda urithi wa aina hiyo, ila mlinzi wa karibu ni serikali ya kijiji.

Soko la kuanzia siyo Mzungu. Ni shule za sekondari, kwaya, wafanyakazi wa migodi walio mapumzikoni na jamaa waliokuja kwenye harusi. Hao hawahitaji bwawa la kuogelea. Wanataka choo safi, neti isiyotoboka, chakula cha moto na mtu anayejua kusimulia. Walimu wastaafu wa historia wamejaa vijijini. Mwenye gesti aanze kuongea nao sasa, kisha apeleke barua kwa wakuu wa shule kabla ratiba za safari za mwakani hazijapangwa.