Mafunzo ya moyo wa mtoto nchini Tanzania
Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vyake. Kasoro hizo hazifanani, hivyo mchoro wa kitabuni hautoshi: daktari hushika moyo wenyewe, au mfano wake, akafuata njia ya damu kwa kidole. Godwin Godfrey, aliyekuwa wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, alisomea upasuaji huo Holon, Israel. Tangu 2015 kituo kikuu ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka Nkome, mkoani Geita, ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo tabibu wa zahanati, anayemwona kwanza mtoto anayechoka kunyonya na midomo kugeuka buluu, anastahili mafunzo hayo kama mpasuaji.