Gari la umeme na uanachama wa kusaidiwa barabarani: kulipa au kuacha?

Dada mmoja msomaji wetu wa Coventry, mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye mume na watoto wawili, ameniuliza swali ambalo hata kazini kwetu nimelisikia zaidi ya mara moja kwenye chumba cha chai. Wamenunua Nissan Leaf iliyotumika ya mwaka 2017. Yeye anataka walipie uanachama wa kusaidiwa barabarani, AA au RAC au Green Flag. Mume hataki. Anasema gari la umeme halina injini, halina oili, halina mkanda wa kukatika, sasa litaharibika nini? Hizo pesa bora ziende kwenye ada ya mdogo wake nyumbani.

Shemeji, salamu kwanza. Kwenye injini uko sahihi. Lakini mimi muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, nashinda barabarani na gari la umeme mwaka wa nne sasa, na ninachokiona ni kwamba magari haya yanakwama kwa mambo yaleyale ya kawaida: tairi na betri. Na hiyo betri siyo ile kubwa unayoichaji usiku.

Watu wengi hawajui kwamba chini ya boneti kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, sawa na ya gari la petroli. Hiyo ndiyo inayofungua milango, inayowasha kompyuta ya gari na kuiunganisha betri kubwa na mota. Ikifa, gari halizinduki, hata kama betri kubwa imejaa asilimia mia. Ni kama wodi yenye dawa zote lakini mwenye ufunguo wa kabati kalala. Na hufa zaidi asubuhi za baridi, au gari likikaa wiki tatu bila kuguswa kwa kuwa mmesafiri kwenda kuzika nyumbani.

Tairi nalo ni kesi. Gari la umeme ni zito, na mashimo ya barabara za hapa baada ya majira ya baridi mnayajua. Magari mengi ya umeme hayana spea tairi. Kwenye buti utakuta kichupa cha dawa ya kuziba na kipampu. Ile dawa inaziba tundu dogo la msumari. Tairi likipasuka ubavuni, kichupa hicho hakikusaidii chochote.

Kuishiwa chaji njiani, jambo ambalo kila mtu analiogopa, kwa kweli si tatizo kubwa hivyo, maana gari linakuonya mapema. Hata hivyo uliza, kwa sababu kampuni hazifanani. RAC ilianza mwaka 2019 kuweka chaja kwenye baadhi ya magari ya mafundi wake, inakupa maili chache za kukufikisha kituo cha kuchajia. Nyingine zitakubeba hadi kituo cha karibu. Na zipo ambazo zinahesabu kuishiwa chaji sawasawa na kuishiwa petroli, kwamba ni uzembe wako, unalipa zaidi. Maneno hayo yapo kwenye masharti, yameandikwa kwa herufi ndogo kama mchele wa sisimizi.

Sasa hapa ndipo shemeji anisikilize. Najua sisi tuna utaratibu wetu. Gari likikwama unampigia kaka fulani mwenye kamba, anakuja kukuvuta, mnaenda kwa fundi wa Kipakistani aliye nyuma ya stesheni. Kwa gari la umeme sahau kamba. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka huku gari linavutwa, mota inaweza kuzalisha umeme na kuunguza vitu vya bei mbaya. Kitabu cha gari lenu kitawaambia: linyanyuliwe, magurudumu ya mbele yasiguse chini, au lipakiwe lote juu ya gari la kubebea. Kaka mwenye kamba hana hicho chombo.

Na motawei si barabara ya Morogoro, kwamba utakata matawi ya miti uyapange nyuma ya gari kisha ukae kivulini kumsubiri fundi. Hata ile pembetatu nyekundu hairuhusiwi kuwekwa motawei. Mnatoka kwa mlango wa kushoto, mnapanda nyuma ya uzio na watoto, mnapiga simu. Polisi wakilazimika kuagiza gari liondolewe, hapa England unadaiwa pauni 192 kwa gari dogo lililosimama tu bila ajali, na ada ya kulihifadhi inaongezeka kila siku. Hiyo peke yake inaweza kuzidi uanachama wa mwaka mzima.

Ila sisemi kila mtu akalipe. Wauguzi wenzangu wengi wanachukua gari la umeme kwa mpango wa hospitali, lile la kukatwa mshahara kabla ya kodi. Mara nyingi mle ndani bima, tairi, matengenezo na msaada wa barabarani vimeshalipiwa. Halafu unamkuta mtu huyohuyo ana kadi nyingine ya uanachama pochini, analipa mara mbili bila kujua. Gari jipya nalo huja na msaada wa mtengenezaji kwa miaka ya mwanzo. Tesla, kwa mfano, hutoa kwa miaka 4 au maili 50,000. Na wapo wenye akaunti za benki za kulipia kila mwezi ambazo zina huduma hiyo ndani yake. Kagueni hayo kwanza.

Mkiona hamna, basi kwa Leaf ya umri huo mimi ningelipa. Lakini si kifurushi cha chini kabisa. Mwenzangu mmoja, dada wa Kisii, gari lilimfia saa kumi na mbili asubuhi mbele ya mlango wake, ile betri ndogo. Kampuni yake ikamwambia kifurushi chake hakihusu nyumbani wala ndani ya robo maili kutoka nyumbani. Akalipa nyongeza palepale kwenye simu ili fundi aje, na kazini akafika saa nne. Kwa gari la umeme, linalolala nyumbani likichajiwa, kipengele cha nyumbani nakiona muhimu kuliko vyote. Cha pili ni kubebwa hadi unapotaka, siyo hadi gereji ya karibu tu, kwa sababu si kila gereji ina fundi wa magari haya.

Mwulize pia mnayeongea naye kwenye simu: uanachama ni wa mtu au wa gari? Ukiwa wa mtu, mume akilichukua peke yake usiku hana msaada. Ukiwa wa gari, yeyote anayeliendesha anasaidiwa, pamoja na yule binamu anayeliazima kila Jumamosi. Uliza gari la kubebea linachukua abiria wangapi, na kiti cha mtoto kinafungwaje. Familia zetu hazisafiri wawili wawili.

Bei ya kwanza watakayokutajia usiikubali. Mwaka jana waliniandikia nyongeza, nikapiga simu kusema nahama, ikashuka kabla sijamaliza sentensi.

Swali lako la pili, dada, la kuchaji gari mkiwa mnaishi ghorofani, nitalijibu toleo lijalo.