MCHEZAJI SI MTUMWA WA JEZI

Yako maneno yanayovuma vijiweni, toka Rulenge hadi Nyakanazi, nayo yatukera. Husemwa kwamba mchezaji anayeiacha timu yenye vikombe akafuata mshahara mnono ni msaliti na mroho. Sisi twasema: la hasha! Mchezaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi hastahili kutukanwa kwa kudai ujira wake.

Zama za mkoloni wazee wetu wa Ngara walikwenda Uganda kulima mashamba ya watu, kwa sababu huko ujira ulikuwa bora. Ni nani aliyewaita wasaliti? Mguu wa mchezaji ndio jembe lake, na jembe hilo huisha makali mapema. Siku hiyo kombe litabaki katika kabati la klabu, bali goti bovu atarudi nalo kwa mama yake.

Tazameni habari ya Feisal Salum. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga, akaandamwa kwa kila neno baya. Shauri likafika TFF, ikaamuliwa kwamba yungali mchezaji wa Yanga. Juni 2023 Rais Samia mwenyewe aliwataka Yanga walimalize jambo hilo, naye akaenda Azam. Yanga wakawa mabingwa mwaka 2024 na tena 2025, Azam hawakuupata ubingwa. Wenye kucheka wakacheka. Lakini wanacheka nini? Mtu mzima alipima, akachagua, akalipa gharama ya uchaguzi wake. Na mabao 19 aliyofunga katika ligi msimu wake wa kwanza Azam si kazi ya mtu aliyelewa fedha.

Je, basi fedha ndiyo yote? Hapana. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2015 wakatwaa ubingwa wa Afrika, na sifa hiyo ikamfungulia mlango wa Genk ya Ubelgiji. Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Fiston Mayele naye aliiacha Yanga mwaka 2023 akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akawa bingwa wa Afrika. Ushindi ni mtaji kama fedha ilivyo mtaji. Wanaovigombanisha viwili hivi ni wale viongozi wa vilabu wanaotaka kulipa kwa sifa badala ya shilingi.

Hatari yenyewe iko kwingine. Sisi wa Kagera twaijua butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ikingali maua, na mlanguzi akaja kuvuna jasho lisilo lake. Leo butura imeingia katika mpira. Kijana wa kijijini hupewa viatu na nauli, akatia sahihi karatasi asiyoisoma. Kagera Sugar iliposhuka Ligi Kuu mwaka 2025, njia ya kijana wetu ilizidi kuwa ndefu, na mwenye safari ndefu hudanganywa upesi. Huyo hakuchagua fedha wala ushindi. Amechaguliwa.

Kwa hiyo vijana, yajueni haya. Kanuni za FIFA zasema aliye chini ya miaka 18 asifungwe kwa mkataba unaopita miaka mitatu, na mtu mzima usipite mitano, isipokuwa sheria ya nchi iruhusu zaidi. Miezi sita ya mwisho ya mkataba mchezaji yu huru kupatana na klabu nyingine. Klabu ikikosa kumlipa mishahara ya miezi miwili, aidai kwa maandishi na kuipa siku 15. Isipolipa, ana haki ya kuuvunja mkataba. Hiyo ni sheria, wala si hisani ya mwenyekiti wa klabu.

Walimu wa Ngara na Biharamulo, wasomeeni vijana mikataba kabla hawajatia sahihi. Mashabiki, acheni kumzomea mtu kwa kudai chakula cha watoto wake. Viongozi wa vilabu, lipeni kwa wakati, nanyi mtaona wachezaji watakavyong'ang'ania jezi zenu. Na wewe kijana, ukichagua mshahara au ukichagua kombe, chagua macho yakiwa wazi, na kahawa yako ikiwa imeiva.