Ada Tunaijua, Matokeo Hatuyajui

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Yah: Shule za kimataifa zitakiwe kuweka matokeo yao hadharani

Mheshimiwa Waziri, mzazi mwenye mtoto katika shule ya kata popote nchini anaweza leo hii kufungua tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA) na kuona shule hiyo ilivyofanya katika mtihani wa Kidato cha Nne: wangapi walipata daraja la kwanza, wangapi waliambulia sifuri, na somo gani liliwaangusha wengi. Hahitaji kumpigia magoti mkuu wa shule wala kumjua mtu wizarani. Mzazi anayelipa mamilioni ya shilingi katika shule ya kimataifa ya Dar es Salaam, Arusha au Moshi hana nafasi hiyo. Mtoto wake hafanyi mtihani wa NECTA, anafanya wa Cambridge au wa International Baccalaureate (IB), na taasisi hizo hazichapishi orodha ya matokeo ya shule moja moja. Matokeo ya shule nzima hubaki mikononi mwa shule yenyewe, nayo ndiyo inayoamua kipande gani kitolewe na kipi kibaki kabatini. Naandika kuiomba wizara yako iondoe tofauti hiyo kwa kanuni moja fupi: kila shule iliyosajiliwa nchini na inayofundisha mtaala wa nje itoe kila mwaka taarifa kamili ya matokeo yake, kwa mfumo mmoja utakaopangwa na wizara.

Wazazi wanaowapeleka watoto wao kwenye shule hizi wana sababu zinazotofautiana, lakini wengi wanatafuta shule inayobana kimasomo, shule ambayo mtoto atasukumwa afike pale ambapo peke yake asingefika. Ni matarajio ya haki, na mitaala yenyewe inayaunga mkono. Diploma ya IB, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, inamtaka mwanafunzi asome masomo sita kwa miaka miwili, matatu kati ya hayo kwa kiwango cha juu, aandike insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na asome nadharia ya maarifa. Hapa kwetu si kitu kigeni pia. Shule ya Kimataifa ya Moshi, ambayo sasa ni sehemu ya United World Colleges, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo barani Afrika kuifundisha. Anayechagua A Level ya Cambridge husoma masomo machache zaidi, mara nyingi matatu, kwa kina kikubwa. Njia zote mbili ni ngumu. Lakini ugumu wa mtaala ni sifa ya mtaala. Shule mbili zinaweza kununua mtaala uleule, zikatoza ada zinazolingana, moja ikafundisha kwa umahiri na nyingine ikawategemea walimu wa masomo ya ziada wanaolipwa na wazazi jioni. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, kwa sababu ubao ulioko getini una nembo ileile.

Hata hiyo nembo ina tabaka nyingi ambazo mzazi wa kawaida haelezwi. Shule iliyoidhinishwa na IB kwa ngazi ya msingi haina, kwa idhini hiyo pekee, ruhusa ya kutoa Diploma. Shule tarajali bado inaomba idhini, haijapewa. Kuwa kituo cha mitihani cha Cambridge ni jambo moja, na kupata ithibati ya chombo huru kama Council of International Schools ni jambo jingine kabisa. Mkulima anayenunua mfuko wa mbegu hukuta lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibiti mbegu, inayomwambia aina ya mbegu iliyomo, na sheria ndiyo inayotaka hivyo. Lakini neno "kimataifa" kwenye jina la shule halimwambii mzazi lolote la uhakika.

Naomba nikae kidogo kwenye namna matokeo yanavyotangazwa, kwa sababu hapo ndipo mzazi mwangalifu anapopotezwa bila mtu yeyote kusema uongo. Shule inatangaza kwamba wastani wake wa Diploma ya IB ni alama 36. Diploma ina alama 45 kwa jumla, kufaulu huanzia 24, na wastani wa dunia huwa karibu na 30, kwa hiyo 36 ni sifa kubwa. Ila wastani huo huhesabiwa kwa watahiniwa wa Diploma kamili peke yao. Mwanafunzi anayeonekana dhaifu anaweza kushauriwa aache Diploma na afanye masomo machache kwa cheti cha somo mojamoja, na alama zake hazitaingia kwenye wastani unaowekwa kwenye bango. Shule nyingine inatangaza ufaulu wa asilimia 100 katika IGCSE, mtihani unaotangulia A Level. Mtihani huo una madaraja kuanzia A* hadi G. Je, asilimia 100 hiyo ni ya A* hadi C, au ni ya kila aliyepata daraja lolote? Ya tatu inajivunia kwamba darasa lake limepata nafasi katika vyuo vikuu 60. Mwombaji mmoja kupitia UCAS ya Uingereza anaruhusiwa kuchagua kozi tano, na kupitia Common App ya Marekani anaweza kuomba vyuo hadi 20. Wanafunzi wanne wenye bidii ya kujaza fomu wanatosha kuijaza orodha hiyo, na haitaonyesha popote kwamba wenzao walikosa.

Kubwa kuliko yote ni mchujo. Shule inaweza kuonekana bora kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumchukua mtoto wa uwezo wa kati na kumfikisha mbali. Ya pili ni kupokea waliokwisha kuiva, halafu kuwaondoa kimyakimya wanaosuasua kabla ya mwaka wa mtihani. Njia ya pili ni rahisi, ni ya haraka, na kwenye tangazo haitofautiani na ya kwanza. Serikali inaufahamu ugonjwa huu, maana imewahi kuzikemea shule binafsi za mtaala wa taifa zinazowakaririsha darasa au kuwahamisha wanafunzi kwa sababu hawakufikia wastani wa shule. Huko angalau ukiangalia takwimu za NECTA unaweza kushuku. Katika shule za mitaala ya nje hakuna pa kuanzia hata kushuku. Mzazi anayedhani ananunua ufundishaji mzito huenda ananunua kichujio, na mtoto wake ndiye atakayeng'amua hilo akiwa na miaka 15, pale atakapoambiwa atafute shule "inayomfaa zaidi".

Nafahamu kwamba kutoa taarifa peke yake si dawa ya kila kitu, ila ushahidi wa faida yake ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Wanauchumi Tahir Andrabi, Jishnu Das na Asim Khwaja walifanya jaribio katika vijiji 112 vya jimbo la Punjab, Pakistan, ambako shule binafsi na za serikali hushindania watoto walewale. Katika nusu ya vijiji hivyo, wazazi walipewa kadi zinazoonyesha alama za mtoto wao na za shule zote za kijijini. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba alama za watoto zilipanda, ada za shule binafsi zikashuka kwa asilimia 17, na uandikishaji ukaongezeka. Hakuna aliyepangiwa bei. Mzazi alipoweza kulinganisha, shule iliyokuwa ikitoza ada ya jina tu ililazimika ama kufundisha au kupunguza. Vijiji vya Punjab si Masaki ya Dar es Salaam wala Njiro ya Arusha, lakini kilichofanya kazi kule ni kilekile kinachokosekana hapa: mnunuzi kujua anachonunua.

Mfano mwingine unatoka upande wa pili, mahali ambapo taarifa zilizokuwapo ziliondolewa. Mwaka 2001 Wales iliacha kuchapisha majedwali ya matokeo ya shule za sekondari huku England ikiendelea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Simon Burgess na wenzake, walilinganisha nchi hizo mbili na kukuta kwamba shule za Wales zilirudi nyuma. Tena zilizoumia si zile za kileleni, ambazo hazikutetereka, bali robo tatu nyingine. Hilo linapaswa kutufikirisha, kwa sababu anayeitwa mnufaika wa usiri mara nyingi ni shule dhaifu na anayeulipia ni mwanafunzi wa shule hiyohiyo. Kinyume na Wales, Dubai ilianza mwaka 2008 kukagua shule binafsi na kuweka ripoti kamili wazi kwa kila mtu, zikiwa na daraja la jumla la shule. Sekta ya shule binafsi ya huko haikukimbia. Imeendelea kukua.

Utaambiwa, Mheshimiwa, kwamba haya ni mapatano binafsi kati ya shule na watu wenye fedha, na kwamba wizara ina shida kubwa zaidi za madawati na walimu. Ni kweli shida hizo ni kubwa zaidi. Lakini kanuni ninayoiomba haihitaji dawati wala ajira mpya, inahitaji fomu. Na si kweli kwamba wote wanaolipa ni matajiri. Baadhi ya shule hizi hutoza zaidi ya thamani ya dola 20,000 za Marekani kwa mwaka, lakini ziko nyingi za bei ya kati ambazo waajiriwa na wafanyabiashara wadogo wanazilipia kwa mikopo na michango ya ukoo. Isitoshe, mtoto hakutia saini mkataba wowote. Akifika mwisho na cheti dhaifu, ni taasisi za umma zitakazokipokea: NECTA itakitafutia ulinganifu na vyuo vyetu vitapima kama anastahili kudahiliwa. Hoja kwamba serikali haiwezi kuingilia namna shule binafsi inavyojitangaza ilikwisha kujibiwa na serikali yenyewe Machi 2025, ilipotoa kanuni zinazozuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Kama sheria inaweza kusema bei ya huduma iandikwe vipi, inaweza pia kusema ubora wa huduma hiyo uelezwe vipi.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni la mashindano. NECTA iliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, ikiona kwamba utaratibu huo ulikuwa unazipa baadhi ya shule matangazo ya bure. Nakubaliana na uamuzi huo. Lakini tuangalie kilichobaki: matokeo ya kila shule bado yamewekwa wazi. Baraza lilikataa kupanga washindi, halikukataa uwazi, na uwazi huo ndio ninaouomba; sikuombi jedwali la ubingwa wa shule za kimataifa. Anayesema kwamba uwazi utazishawishi shule kuwatupa wanafunzi dhaifu ana hofu ya kweli, ila amekosea mahali pa kuielekeza. Kutupa wanafunzi kunalipa leo kwa sababu waliotupwa hawahesabiwi popote. Shule ikitakiwa kuandika kwamba watoto 60 walianza mwaka wa kwanza wa IGCSE na 41 ndio waliofika kwenye mtihani, na kueleza 19 walikwenda wapi, mchujo utaonekana na utaigharimu. Kuhusu faragha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikiukwi na takwimu zisizo na majina. Pale darasa linapokuwa dogo kiasi kwamba mtoto anaweza kutambulika, matokeo ya miaka mitatu yajumlishwe pamoja.

Wapo pia watakaosema elimu si alama. Sawa kabisa, na ndiyo maana taarifa isiwe ya alama peke yake. Iwe na mgawanyo wote wa madaraja kwa kila somo, pamoja na masomo yasiyo na walimu wa kudumu. Ionyeshe walimu wangapi wana sifa za ualimu na wangapi waliondoka ndani ya mwaka, maana shule inayobadilisha nusu ya walimu wa sayansi kila Julai haiwezi kubana kimasomo hata ingetaka. Ionyeshe maendeleo ya mwanafunzi tangu alipoingia. Shule nyingi za mtaala wa Kiingereza tayari hupima uwezo wa mtoto kwa majaribio kama CAT4, kwa hiyo takwimu za kuanzia zinazo. Ionyeshe jumla ya gharama, yaani ada pamoja na amana, mchango wa maendeleo, ada ya mtihani na basi. Na ningependa sana iseme kama shule inafundisha Kiswahili kwa kiwango cha juu. IB inatoa Fasihi ya Kiswahili kama somo la lugha ya kwanza, na mwanafunzi akiifanya pamoja na Kiingereza katika ngazi hiyohiyo anaweza kutunukiwa diploma ya lugha mbili. Shule inayojiita ngumu hapa Tanzania na isiyotoa nafasi hiyo inapaswa kuulizwa kwa nini.

Wathibiti ubora wa shule wako tayari wilayani na kwenye kanda, na wana mamlaka ya kuingia shule hizi kama zilivyo nyingine. Wakipewa jukumu la kulinganisha taarifa ya shule na hati za matokeo zinazotumwa na Cambridge na IB, udanganyifu utakuwa mgumu. Matokeo ya IB ya mitihani ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, na ya Cambridge ya mitihani ya katikati ya mwaka hutoka Agosti. Shule zikitakiwa kuwasilisha taarifa zao kabla ya tarehe 30 Septemba, wizara inaweza kuziweka kwenye tovuti yake ndani ya Oktoba, wakati wazazi wanaotafuta nafasi za Januari bado hawajalipa amana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa makala za elimu,
Dar es Salaam.