Injini Inapokosa Moto: Kupima Kwanza, Kununua Baadaye

Mwenye gari la zamani huijua vyema sauti ile. Gari likisimama, injini hutetemeka kama mtu mwenye homa. Likipanda mlima, hushtuka-shtuka na kuishiwa nguvu. Mafundi husema injini "inamisi", yaani silinda mojawapo imeshindwa kuwasha mchanganyiko wake wa petroli na hewa. Katika gereji nyingi tiba ya ugonjwa huo ni moja: plagi zote nne mpya, nyaya mpya, pointi na kondensa mpya, na gari lisipopona, koili mpya. Pengine gari hupona. Mwenye gari hulipa, wala hakuna ajuaye, si fundi wala mteja, kifaa kipi ndicho kilichokuwa kibovu. Hilo ni kosa la fedha, lakini zaidi ni kosa la fikra, na shule za sekondari zina sehemu yake ya lawama.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba mkondo wa umeme unaobadilika katika koili moja huzusha umeme katika koili nyingine iliyo jirani. Kila mwanafunzi wa fizikia huikariri kanuni hiyo. Ni wachache mno wanaoambiwa kwamba Land Rover kuukuu iliyoegeshwa nje ya darasa hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Betri ya volti 12 hupitisha mkondo katika waya mnene wenye mizunguko mia chache. Pointi zinapoachana, mkondo hukatika ghafla, uga wa sumaku huporomoka, na waya mwembamba wenye mizunguko maelfu mengi hutoa volti zipatazo elfu kumi au zaidi, ambazo hutosha kuruka mwanya wa plagi. Kondensa, kijikopo kisichothaminiwa na mtu, ndiyo inayowezesha mkondo kukatika upesi badala ya kuendelea kuruka kati ya pointi na kuziunguza. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hudai cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. La kustaajabisha ni kwamba mfumo huo hukosea mara chache hivyo.

Aliyeelewa hayo hana haja ya kubahatisha. Koili, kondensa na pointi huhudumia silinda zote. Kwa hiyo, silinda moja tu ikiwa gonjwa, hivyo si vya kushukiwa kwanza. Injini huzimwa, waya wa plagi moja ukachomolewa na kuchomekwa katika plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, kisha injini huwashwa tena. Silinda ambayo kunyimwa waya hakubadili mngurumo wake ndiyo yenye kasoro. Plagi yake hubadilishana nafasi na ya jirani. Ubovu ukihama, plagi imepatikana na hatia. Usipohama, waya huchunguzwa kwa njia hiyo hiyo, kisha kofia ya distribyuta, ambamo ufa mwembamba kama unywele au unyevu wa mvua hutosha kuiba cheche. Ubovu ukikataa kabisa kuhama, huenda shida ni valvu au ringi, na hapo vipuri vyote vya umeme vingalinunuliwa bure. Gizani, nyaya zilizopasuka hujifichua zenyewe kwa vimulimuli vya buluu.

Kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ndiyo njia ya majaribio inayofundishwa katika maabara. Hapa hufanywa kwa bisibisi, kitambaa kikavu na kipimo cha mwanya. Magari mengi ya aina hiyo huhitaji mwanya wa pointi wa karibu milimita 0.4, ingawa kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho.

Mafundi wana hoja yao, nayo ni ya haki. Mteja hulipia boksi jipya analoliona. Nusu saa ya kufikiri haioni, wala haipendi katika hesabu. Maadamu hali ni hiyo, fundi mwenye akili ataendelea kuuza vipuri. Tena urahisi una mpaka: plagi yenye kauri iliyopasuka haina dawa, na waya uliozungushiwa tepu si waya uliotengenezwa. Magari mapya yanayoongozwa na elektroniki yasichomolewe nyaya kwa mtindo huu, kwani huharibika. Na mwenye kifaa cha umeme cha kuusaidia moyo asikaribie kabisa.

Kwa walimu, koili na distribyuta zilizotupwa nyuma ya gereji hupatikana kwa bei ya chuma chakavu. Zikiunganishwa na betri juu ya meza, mwalimu akizungusha mhimili kwa mkono na wanafunzi wakisimama mbali, cheche huonekana kila pointi zinapoachana. Kondensa ikiondolewa, cheche ya plagi hufifia na pointi huanza kuwaka. Kipindi kimoja hutosha kwa yote mawili.