Jokofu la Dukani Si Jokofu la Chanjo

Kila Desemba barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu hujaa magari. Wachagga waishio Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi hurejea kwenye vihamba vyao kwa ajili ya Krismasi, na wengi hawarudi mikono mitupu. Nyumba ya wazazi hupata bati jipya, kanisa hupata viti, na zahanati ya kijiji, ikiwa mganga mfawidhi wake amelalamika vya kutosha mwaka mzima, huenda ikapata jokofu. Jokofu hilo hununuliwa Moshi mjini, katika duka la vyombo vya nyumbani. Ni jeupe, lina milango miwili, hutumia umeme, na limekuja kuliondoa jokofu la gesi lililokaa pembeni kwa miaka mingi likila mtungi baada ya mtungi.

Uamuzi huo nusu yake ni sahihi na nusu yake ni hatari. Kuachana na gesi ni sahihi. Kuliweka mahali pake jokofu la nyumbani, kisha kulijaza chanjo, ni kubadilisha tatizo linaloonekana kwa tatizo lisiloonekana.

Jokofu la gesi lina historia yenye heshima yake. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni chombo kinachozalisha baridi kwa moto. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni. Mwali mdogo wa gesi au wa mafuta ya taa huchemsha maji yenye amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huvukiza penye haidrojeni na kulinyonya joto la kabati, na mwisho hufyonzwa tena na maji ili safari ianze upya. Hamna kompresa wala mota, na hakuna kinachozunguka. Kwa kijiji kisicho na nguzo ya umeme, chombo hicho kilikuwa neema, na watoto wengi wa vijijini walichanjwa kwa dawa zilizotunzwa na mwali wa namna hiyo.

Lakini mwali hauna akili. Binadamu ndiye huuongeza na kuupunguza, na binadamu huyo usiku hulala. Kahe na Arusha Chini, tambarare zenye joto kali chini ya mlima, jokofu hilo hushindwa kushuka chini ya nyuzi 8 wakati wa kiangazi hata mwali ukiwashwa wote. Mwika au Kibosho Juu, usiku wa Julai, mwali ule ule uliorekebishwa mchana hupoza kupita kiasi, na asubuhi vichupa hukutwa vimeganda. Chombo kisipokaa sawasawa sakafuni, mzunguko wa ndani huzorota. Masizi yakiziba bomba la moshi, baridi hupungua na hewa chafu huongezeka; na wahudumu wanapofunga madirisha kwa sababu ya ubaridi wa mlimani, chumba chenye mwali unaowaka vibaya kinaweza kukusanya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Ndiyo maana muungano wa chanjo wa Gavi, ulipofungua mwaka 2016 mpango wake wa kuboresha vifaa vya mnyororo baridi, haukuyaingiza majokofu ya aina hii katika orodha ya vifaa unavyovigharamia.

Watalii wanaoizunguka Afrika kwa magari yenye vitanda na jiko ndani hukutana na adha hiyo hiyo, kwa kuwa majokofu ya magari hayo mara nyingi ni ya amonia na hayapendi kuegeshwa penye mteremko. Baadhi yao huling'oa lile la gesi, huweka la nyumbani linaloendeshwa kwa betri na kibadili umeme, na huridhika. Wana haki ya kuridhika. Nyama iliyoganda kwa bahati mbaya bado ni nyama, na maziwa yaliyopata joto hujitangaza yenyewe kwa harufu.

Chanjo haina harufu. Hapo ndipo mfano wa msafiri unapokoma.

Chanjo za mpango wa taifa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wahudumu wengi wamefundika kuuogopa ukomo wa juu, na ukomo wa chini huwapitia mbali, ilhali madhara ya kuganda ni makubwa na hayarekebishiki. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina B, pentavalenti, ya nimonia na ya HPV zote zina chumvi za alumini zinazousaidia mwili kuitambua chanjo. Kichupa kikiganda, chembe hizo hushikamana, na nguvu ya chanjo hupungua au hupotea. Kukiyeyusha hakurudishi kitu. Chanjo ya surua na rubela, na matone ya polio, zenyewe huvumilia kuganda, na adui yao ni joto. Lakini hata hapo maji ya kuchanganyia chanjo ya surua hayapaswi kugandishwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu au safari za chanjo zilizochunguzwa ziliipitisha chanjo katika baridi ya kugandisha. Alama ya mraba iliyo kwenye kichupa, ambayo muuguzi huitazama kwa imani yote kabla ya kuchoma, hubadilika rangi kwa joto tu. Kuhusu kuganda, haisemi lolote.

Sasa jokofu la nyumbani limetengenezwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mboga, nyama na soda, vitu ambavyo nyuzi 1 au nyuzi 10 havioni tofauti kubwa. Karibu na sehemu ya kugandishia baridi hukaribia sifuri au huipita. Kwenye mlango joto hupanda kila unapofunguliwa. Katika majokofu mengi ya bei nafuu kidhibiti joto hupima ubaridi wa bamba la kugandishia, wala si hewa inayovizunguka vichupa. Kwa hiyo kitufe kilichowekwa namba kubwa katika joto la Krismasi, kikaachwa hapo hapo, huweza kuigandisha chanjo miezi ya Juni na Julai bila mtu kugusa kitu. Umeme ukikatika, kuta zake nyembamba huhifadhi baridi kwa saa chache tu. Na kukatika kwa umeme mlimani si habari ya kumshangaza mtu: tawi la mti likiangukia waya wakati wa masika, kijiji kizima kinaweza kulala gizani.

Jokofu la gesi likifa, hufa waziwazi. Mwali huzimika, ndani huwa vuguvugu, pengine amonia hunuka chumba kizima, na muuguzi hubeba chanjo kwenda kituo jirani. Jokofu la dukani huendelea kunguruma vizuri na taa yake ya ndani huwaka kila mlango unapofunguliwa, huku kichupa cha nyuma kimeshaganda na kuyeyuka mara tatu.

Mkoa wa Kilimanjaro una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Huku ndiko utoaji wa majaribio wa chanjo ya HPV ulikoanzia nchini mwaka 2014, kabla ya kuenezwa taifa zima mwaka 2018. Siku hizi msichana hupewa dozi moja. Akichomwa dozi iliyopoteza nguvu, hakuna ya pili itakayoziba pengo. Kadi itaandikwa kwamba amekingwa, takwimu za wilaya zitapanda kwa mtu mmoja, na wala yeye, wala mama yake, wala muuguzi aliyemchoma hatakuwa na njia ya kujua. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kujitokeza. Siku atakapolazwa, hakuna atakayeulizia jokofu la zahanati lilikuwa la namna gani.

Badala yake kiwekwe nini? Yapo majokofu yaliyotengenezwa kwa chanjo na kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, na kwa mazingira ya Kilimanjaro aina mbili ndizo zenye maana. Ya kwanza ni yale ya umeme yenye tabaka la barafu ndani ya kuta. Hayo huhitaji umeme wa saa 8 tu kwa siku, na ukikatika huitunza baridi kwa saa 20 au zaidi hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi 43, joto ambalo Moshi haijapata kuliona. Ya pili ni yale yanayoendeshwa na jua moja kwa moja, bila betri, ambayo hugandisha akiba ya barafu au maji mchana na huweza kustahimili siku 3 bila jua la kutosha. Yote mawili hupatikana yakiwa na kinga dhidi ya kugandisha chanjo isiyomtegemea mhudumu kufanya lolote.

Kati ya hayo, mlima wenyewe husaidia kuchagua. Kwenye miteremko ya juu mawingu hutanda muda mrefu wakati wa masika, na zahanati nyingi zimezungukwa na migomba na miti mirefu inayotia kivuli paa. Huko, ambako umeme umefika, jokofu la kuta za barafu lenye kidhibiti cha nguvu ya umeme linafaa zaidi. Tambarare za chini, penye jua tele na nguzo za mbali, la jua lina nafasi yake. Uamuzi huo si wa duka wala wa mhisani. Mratibu wa chanjo wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza, na swali la kwanza ni umeme unapatikana saa ngapi kwa siku. Bei ya dukani ije baadaye.

Patakuwa na watakaosema kuwa majokofu hayo ni ghali na kwamba la dukani ni bora kuliko kukosa kabisa. Bei ni kweli, ni kubwa mara kadhaa. Lakini chanjo iliyoganda si nusu ya chanjo, na zahanati isiyo na jokofu inaweza kuletewa chanjo katika kibebeo siku ya kliniki na kurudisha zilizobaki jioni, jambo linalofanyika mahali pengi. Mhisani aliyekuja na jokofu lake asirudishwe nalo. Liwekwe chumba cha wahudumu, litunze chakula chao na maji; faida yake ya kwanza itakuwa kuziondoa soda na chakula cha mchana katika jokofu la chanjo, mahali ambapo, tuseme ukweli, huonekana mara nyingi kuliko wakaguzi wanavyoandika. Fedha za mwaka unaofuata zitengeneze nyaya za jengo.

Ikiwa halmashauri haijaleta kifaa sahihi na la nyumbani ndilo pekee lililopo kwa wiki chache, basi chanjo zikae rafu ya kati, mbali na bamba la kugandishia, kamwe zisikae mlangoni. Chupa za maji zijazwe mlangoni na chini ili kupunguza mawimbi ya joto. Kipimajoto kilazwe kando ya vichupa, kisomwe asubuhi na jioni, na namba iandikwe. Panaposhukiwa kuganda, lifanywe jaribio la kutikisa: kichupa cha kundi lile lile hugandishwa kwa makusudi, huyeyushwa, kisha hutikiswa pamoja na kinachoshukiwa na kuachwa vitulie. Kinachoshukiwa kikitua haraka sawa na kile kilichogandishwa, hakitumiki.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini nyumbani, habari ni njema zaidi. Jokofu la nyumbani linamtosha, mradi chupa isiguse sehemu ya barafu, kwani insulini iliyoganda pia hutupwa. Asiye na jokofu asikate tamaa: utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotokana na joto halisi la kambi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya, ulionyesha kuwa insulini ilibaki imara kwa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hata hivyo muda wa matumizi aliopewa kliniki asiubadilishe peke yake.

Limebaki lile jokofu la gesi lililotolewa nje, ambalo aghalabu huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mabomba yake yana amonia na haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa, na kwa kawaida kromati ya sodiamu iliyowekwa kuzuia kutu, kemikali yenye sumu inayohusishwa na saratani. Kijana anayelikata kwa msumeno uani hapati onyo lolote. Mtungi ufungwe na utenganishwe, jokofu liandikwe kwenye orodha ya vifaa chakavu vya zahanati, na likabidhiwe halmashauri likiwa zima, mabomba yake hayajakatwa.