Koltani ya Masisi: tunataja simu, turbini za gesi tunazisahau

Kila mara Rubaya inapotajwa kwenye habari, picha inayofuata ni ya simu ya mkononi. Ni kweli, tantali inayotolewa katika koltani inaingia ndani ya simu na kompyuta. Lakini madini hayo yana mteja mwingine ambaye huku kwetu hatajwi sana: watengenezaji wa turbini kubwa za gesi zinazozalisha umeme, kama zile za Kinyerezi jijini Dar es Salaam.

Mteja huyo ana kazi nyingi kwa sasa. Vituo vya kompyuta vya akili mnemba vinataka umeme mwingi na wa haraka, na kampuni za GE Vernova, Siemens Energy na Mitsubishi zina oda za miaka kadhaa mbele.

Ndani ya turbini, gesi inayotoka chumba cha mwako inaweza kupita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Nikeli, ambayo ndiyo msingi wa mapanga ya turbini, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Ili panga lisiyeyuke, linatobolewa ndani hewa ipite, linapakwa tabaka la kauri, na nikeli yake inachanganywa na metali nyingine. Mchanganyiko mmoja unaojulikana sana, CMSX-4, una tantali karibu asilimia 6.5, wolframu karibu 6 na kobalti karibu 9. Tantali peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 3,000 hivi. Ukisoma orodha hiyo ukiwa Goma, unaona Masisi, unaona na Kolwezi.

Sasa tuje kwenye karatasi. Viwanda hivi ni vikali mno kuhusu ubora: panga lina namba yake, na namba hiyo inaonyesha lilitoka katika myeyusho gani na lilikuwa na kiasi gani cha kila metali. Panga likivunjika, fundi anaweza kurudi nyuma mpaka kwenye tanuru. Mbele ya tanuru, njia inapotea. Cheti kinasema tantali ni safi kiasi gani. Hakisemi ilichimbwa shimo gani, wala nani alitozwa pesa njiani. Na mapanga yaliyochakaa huyeyushwa tena, yakachanganywa na metali mpya.

Hapo ndipo Masisi inapoingia. M23 ilishika Rubaya tarehe 30 mwezi wa nne 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwishoni mwa mwaka huo kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya huko, na kwamba tani zisizopungua 150 zilivushwa kwa magendo hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Kigali inakanusha kuhusika. Koltani ikishachanganywa, hakuna mashine ya kiwandani inayoitenganisha.

Linganisha na Walikale. Mwezi wa tatu 2025, waasi waliposogea, kampuni ya Alphamin ilisimamisha mgodi wa bati wa Bisie tarehe 13. Mji wa Walikale ukaanguka siku chache baadaye. Bei ya bati ikapanda duniani, na mgodi ukaanza kufunguliwa tena mwezi wa nne, waasi walipoondoka mjini. Bisie ni kampuni moja yenye jina. Ikifunga, London wanajua siku hiyohiyo. Rubaya ilipoanguka, uchimbaji uliendelea, kwa sepetu na mikono. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2026 udongo uliporomoka huko, na viongozi waliowekwa na waasi walitaja vifo zaidi ya 200.

Sheria zipo. Dodd-Frank ya Marekani, ya 2010, inadai kampuni za kwenye soko la hisa zieleze kama zinatumia bati, tantali, wolframu au dhahabu ya kwetu na ya majirani. Ile ya Ulaya, inayotumika tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021, inambana anayeingiza madini au metali. Anayeingiza kifaa kilichokwisha tengenezwa, turbini nzima kwa mfano, haimgusi. Kobalti haimo katika sheria zote mbili.

Kinshasa iliweka machimbo mengi ya Masisi katika rangi nyekundu mwezi wa pili 2025, maana yake kununua huko ni haramu. Kwa maoni yangu, rangi hiyo inamwumiza kwanza mchimbaji, ambaye anauza kwa bei ya chini kwa yeyote anayekubali kubeba. Mnunuzi wa mwisho haioni. Wanaoagiza turbini hizi ni mashirika ya umeme na kampuni tajiri za kompyuta, na leo wanapanga foleni wakilipa kabla ya kupokea. Wao ndio wanaoweza kumwuliza mtengenezaji swali moja zaidi kwenye mkataba: tantali hii iliingia kwa mwenye tanuru kutoka wapi? Watengenezaji wanaoweza kufuata panga moja miaka 20 hawawezi kusema kwamba kazi ya kufuatilia ni ngumu.